Michael Cardew

Michael Ambrose Cardew (Wimbledon, Uingereza, 1 Mei 1901 – Truro, Uingereza, 11 Februari 1983) alikuwa mfinyanzi na mwalimu wa ufinyanzi. Anajulikana hasa kwa kazi yake katika Afrika ya Magharibi, ambako majaribio yaliyoshindwa yalimfundisha mengi kuhusu udongo na moto.

Maisha ya awali

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1923 alijiunga na karakana ya Bernard Leach huko St Ives, na mwaka 1926 akaanzisha yake huko Winchcombe. Alitengeneza mitungi, mabakuli na sahani za matumizi ya nyumbani.

Gold Coast

Mwaka 1942 alikwenda Gold Coast (leo Ghana) kufundisha katika Chuo cha Achimota. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia bidhaa za ng'ambo zilikuwa adimu, hivyo kiwanda kikubwa cha ufinyanzi kilianzishwa Alajo, karibu na Accra. Malengo yake yalizidi ujuzi uliokuwepo. Vyombo vingi viliharibika tanurini, na mwaka 1945 kiwanda kilifungwa.

Cardew hakukata tamaa. Alihamia Vume, kando ya mto Volta, akaanza upya kwa karakana ndogo. Huko pia vyombo vingi viliharibika. Udongo ukichomwa kabla haujakauka vizuri, maji yaliyobaki hugeuka mvuke na kupasua chombo. Nao utando wa kioo unaopakwa juu ukinywea kuliko udongo, hupata nyufa. Ilimbidi atafute udongo, mawe na majivu yanayopatana. Mwaka 1948 alirudi Uingereza kwa sababu ya ugonjwa. Hata hivyo, vyombo vya Vume vilivyosalimika huhesabiwa kati ya kazi zake bora.

Nigeria

Mwaka 1951 aliajiriwa nchini Nigeria, akaanzisha kituo cha mafunzo katika mji wa Abuja wa zamani (leo Suleja). Mwaka 1954 alijiunga nacho Ladi Kwali, aliyekuwa tayari hodari wa kufinyanga mitungi kwa mkono bila gurudumu, kama wafanyavyo wanawake wengi wa Afrika ya Mashariki.

Urithi

Cardew aliondoka Nigeria mwaka 1965. Mwaka 1969 alichapisha kitabu "Pioneer Pottery", kinachoeleza namna ya kupata malighafi, kujenga tanuri na kuchoma vyombo. Miaka ya 1970 Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Kenya, alikwenda kujifunza katika kituo hicho cha Abuja.