Eugen Sandow: Mtunisha misuli aliyefunza watu kuanzia zoezi akilini

BINGWA wa mashindano ya utunishaji misuli ya Mr Olympia hukabidhiwa sanamu ya shaba ya mwanamume mwenye kifua kipana. Wengi wanaoishangilia hawajui kwamba mwanamume huyo aliishi. Naye ni Eugen Sandow, aliyeaga dunia mwaka wa 1925.

Alizaliwa Aprili 2, 1867 mjini Königsberg, Prussia, mji ambao leo huitwa Kaliningrad na uko chini ya Urusi. Wazazi wake walimwita Friedrich Wilhelm Müller.

Kwa mujibu wa simulizi yake mwenyewe, alikuwa mtoto dhaifu hadi siku babake alipompeleka Italia, akaziona sanamu za mashujaa wa kale. Alitaka kujua ni kwa nini watu wa zama zake hawakuwa na miili kama ile, akaelezwa kuwa wahenga hao hawakuzoea maisha ya starehe. Tangu hapo taswira ya sanamu zile haikumbanduka akilini.

Baadhi ya waandishi wa maisha yake huitilia shaka hadithi hiyo, kwani Sandow alikuwa mfanyabiashara aliyejua kujipamba. Hata hivyo, inafichua imani iliyomwongoza: kwamba mtu hujenga mwili baada ya kuuona kwanza moyoni.

Alitoroka kwao katika miaka ya 1880 ili kukwepa kusajiliwa jeshini, akawa mwanasarakasi. Huko Brussels alikutana na mkufunzi aliyejulikana kama Profesa Attila, ambaye alimnoa hadi akaiva. Mwaka wa 1889 alipanda jukwaani jijini London na kumbwaga Sampson, aliyejigamba kuwa hakuna wa kumshinda kwa nguvu. Sifa zake zikaenea kama moto nyikani. Mwaka wa 1893 alitumbuiza Chicago, na mwaka uliofuata akanaswa kwenye mojawapo ya filamu za mwanzo kabisa za Thomas Edison.

Ila Sandow hakutosheka kutazamwa. Mwaka wa 1897 alifungua taasisi ya mazoezi London na kuchapisha kitabu kuhusu njia za kupata nguvu. Wanafunzi wake wengi walikuwa makarani na wafanyakazi walioshinda vitini mchana kutwa, watu ambao hawangethubutu kugusa vyuma vizito.

Hao aliwapa vyuma vyepesi vya mkononi, na sharti moja kuu. Aliwafunza kuwa akili ndiyo inayokuza misuli, na kwamba anayenyanyua chuma huku mawazo yakizurura hupoteza wakati wake. Mwanafunzi alitakiwa kusimama mbele ya kioo, kuelekeza fikira zake zote kwenye msuli unaofanya kazi na kuufuata kwa macho na kwa nia. Picha za Sandow zilizosambazwa kote ziliwapa sura ya kulenga.

Septemba 14, 1901 aliandaa shindano la miili katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Mwandishi Arthur Conan Doyle alikuwa miongoni mwa waamuzi. Ushindi haukutolewa kwa ukubwa wa misuli pekee, bali pia kwa ulinganifu wa mwili na dalili za afya njema. Mwaka wa 1911 Mfalme George wa Tano alimteua kuwa mkufunzi wake wa mazoezi.

Baada ya kupanda mlima, aliteremka. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza biashara yake ya kakao ilisambaratika. Alipofariki Oktoba 14, 1925, akiwa na umri wa miaka 58, alizikwa katika makaburi ya Putney Vale, London, na kaburi lake likakaa miaka mingi bila alama yoyote. Mwaka wa 2008 mmoja wa wazao wake alisimamisha jiwe la kumbukumbu hapo.

Je, mafunzo yake yalikuwa porojo za kuuzia vitabu? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2004 ulionyesha kuwa watu waliowazia tu kukaza msuli wa kidole kidogo kwa majuma 12, bila kukisogeza, waliongeza nguvu zake kwa asilimia 35. Waliofanya zoezi lenyewe walifikia asilimia 53. Taswira ina nguvu, lakini jasho bado lina lake.

Hapo ndipo Sandow anapomfaa mtu wa leo anayeahirisha mazoezi kila Jumatatu. Kujikaripia peke yake hakumtoi mtu kitandani. Afadhali aketi kimya, ajione akifunga kamba za viatu, akitoka mlangoni, akipanda kilima na kurejea akiwa mwepesi. Kisha, kabla taswira hiyo haijapoa, ainuke aifuate kwa miguu yake. Sandow hakumwahidi yeyote misuli kwa ndoto tupu. Kila mwanafunzi wake alikuwa na chuma mkononi.