Alexander Mackay na Safari ya Upweke Kuja Ziwani

Wageni wetu wa Dayosisi huenda wakashangaa kumkuta katika kitabu cha miaka 100 ya Usharika wa Kilutheri mtu ambaye hakuwa Mlutheri. Alexander Mackay alikuwa Mskoti, mwana wa mchungaji wa Rhynie, na aliletwa Afrika na CMS, chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza. Lakini historia ya Injili katika pwani hii ya Ziwa Victoria haikuanza na sisi, na atakayeisimulia bila kumtaja Mackay atakuwa ameanzia katikati.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849. Alisomea uhandisi Edinburgh, kisha akafanya kazi Berlin. Huko alikaa katika nyumba ya Mchungaji Baur, mhubiri wa kifalme, na hivyo imani yake ilikomazwa kwa sehemu mezani pa Wajerumani. Mwishoni mwa 1875 ilichapishwa barua ya Stanley iliyosema kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu. CMS wakakusanya watu wanane. Mackay ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Katika kuagana, Aprili 1876, aliwaambia wazee wa chama wajiandae kusikia, kabla ya miezi sita kwisha, kwamba mmoja wao amefariki. Ilitimia mapema: James Robertson alifia Zanzibar Agosti mwaka huohuo.

Mackay mwenyewe alishikwa na homa kali njiani akarudishwa pwani. Wenzake wakatangulia Ziwani. Hakukaa bure. Mwaka 1877 alifyeka njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kiasi cha kilomita 370, akipita msituni, mabondeni na mitoni. Njia ilikuwa nzuri. Ng'ombe ndio walioshindwa, kwa kuwa mbung'o waliwamaliza.

Alikuwa angali katika taabu hiyo zilipomfikia habari za Ukerewe. Mnamo Desemba 1877 Luteni Shergold Smith na Bwana O'Neill waliuawa kisiwani humo pamoja na watu wao wengi. Mfanyabiashara Songoro, aliyekuwa amewauzia jahazi, aligombana na Mtemi Lukonge akakimbilia kwao, nao hawakukubali kumtoa. Daktari John Smith alikuwa amekwisha kufa kwa homa huko Kageye, Mei 1877. Wengine wawili walikuwa wamerudishwa kwao kwa ugonjwa. Katika wanane, waliobaki kazini walikuwa wawili tu: Wilson, aliyekuwa Uganda, na Mackay, aliyekuwa njiani.

Hakuna ambaye angemlaumu kama angerudi Zanzibar kungoja maagizo. Yeye aliacha magari na mizigo mizito, akashika njia ya Ugogo na Unyamwezi kwa haraka. Tunasema alisafiri peke yake kwa maana kwamba hakuwa na mwenzake wa misioni hata mmoja. Wapagazi walikuwapo, na bila mabega yao asingefika. Ni masikitiko kwamba vitabu havikutuhifadhia majina yao. Hata hivyo upweke wake ulikuwa wa kweli. Kila hatua ilimsogeza karibu na mahali ambapo wenzake walikufa, wala hakuwa na mtu wa kugawana naye msiba huo.

Alifika Kageye, kaskazini-mashariki ya mji wa Mwanza, Juni 1878. Katika banda la misioni alikuta lundo: vipande vya boila na injini ya mvuke vimeshika kutu, vitabu vimeliwa na mchwa, zana zimetawanyika. Mashua Daisy ilikuwa imepasuka kwa jua. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, azma yake ilipozaliwa upya, nayo ilizaliwa mikononi mwake. Alianza kupanga vyuma kimoja kimoja, tangu alfajiri hadi giza, siku baada ya siku, mpaka injini ikasimama. Kisha akaziba nyufa za mashua na kuikalafati.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko vyuma. Watu wa Kageye walimsihi asiende Ukerewe. Wako waliotazamia kisasi, na bunduki zilikuwapo. Mackay alikwenda bila silaha, akaketi na Lukonge, wakazungumza, wakafanya urafiki. Aliporudi akiwa hai, Kageye yote ilishangilia. Kama angevuka kwa bunduki, ni vigumu kuona jinsi mwinjilisti yeyote angekanyaga visiwa hivi kwa amani baada yake.

Mwezi Agosti yeye na Wilson walitweka tanga. Dhoruba iliwavunjia Daisy katika pwani ya magharibi. Mackay akaikata mashua, akaondoa sehemu ya kati iliyoharibika na kuunganisha omo na tezi. Kazi hiyo ilichukua majuma mengi. Waliingia Buganda Novemba 1878.

Ya Buganda yanajulikana zaidi: mtambo wa kuchapia, tafsiri za Kiganda, na vijana watatu waliochomwa moto Januari 1885. Kwa Walutheri inafaa kukumbuka kwamba maandiko ya Kiganda yalivuka hadi Buhaya, na wamisionari wa Bethel walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta wasomaji tayari.

Mwaka 1887 alilazimika kuondoka Buganda, akahamia Usambiro, kusini mwa Ziwa. Stanley alipopita mwaka 1889 alimhimiza arudi Ulaya apumzike. Alikataa, maana hakuwa na wa kumwachia kazi. Kwa miaka 14 hakuona tena kwao. Alifia Usambiro kwa homa tarehe 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe. Chombo cha mvuke alichokuwa akikiunda kwa ajili ya Ziwa alikiacha hakijakamilika.