Rabi aliyekataa kunyamaza

Wahenga walimsifu mtu ajuaye kuuzuia ulimi wake. Hata hivyo, upo ukimya ambao ni dhambi, na maisha ya marehemu Joachim Prinz ni ushahidi tosha.

Prinz alizaliwa nchini Ujerumani mwaka wa 1902. Angali kijana, alifanywa rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, mjini Berlin. Hitler alipotwaa mamlaka mwaka wa 1933, Prinz aliwahimiza Wayahudi wenzake waihame nchi hiyo mapema. Alitiwa mbaroni mara kadhaa, na mwaka wa 1937 akafukuzwa. Aliondoka akiwa ameshuhudia jinsi raia wengi, ambao wao wenyewe hawakuwa wakatili, walivyotazama na kunyamaza jirani zao wakiteswa.

Alihamia Marekani, na mwaka wa 1939 akakabidhiwa sinagogi la B'nai Abraham, mjini Newark. Huko nako alikuta watu weusi wakibaguliwa. Je, angewaongoza waumini wake katika sala tu ilhali jirani analia? La, hasha! Kwake yeye, ujirani haukuwa suala la nyumba kupakana, bali wajibu wa kulinda utu wa mwenzako.

Kuanzia mwaka wa 1958 hadi 1966 alikuwa rais wa chama cha American Jewish Congress, akakitumia kupigania haki za wote. Mwaka wa 1960, wanafunzi weusi wa majimbo ya Kusini walipoketi kwenye meza za maduka ya Woolworth ambako walinyimwa chakula kwa sababu ya rangi yao, Prinz na wenzake waliandamana mbele ya duka la kampuni hiyo jijini New York.

Tarehe 28 Agosti 1963, watu wapatao 250,000 walikusanyika Washington. Prinz, aliyekuwa miongoni mwa waandalizi wakuu, alihutubia muda mfupi kabla ya Martin Luther King. Aliueleza umati kwamba chuki ni ovu, lakini aibu kubwa zaidi ni kimya cha watazamaji. Hotuba ya King ilivuma duniani kote. Ya Prinz ikasahaulika.

Prinz alifariki mwaka wa 1988. Enyi walimu na wanafunzi, mwenzenu anapodhihakiwa darasani kwa ajili ya kabila au umaskini wake, ninyi huwa upande gani? Anayenyamaza naye amekwisha kuchagua.