Sayyida Salme: mama yake alitoka wapi?

Ikiwa wazee wako ni wa Kismayu, huenda umesikia kwamba mji huo uliwahi kuwa chini ya masultani wa Zanzibar. Katika ukoo huo alizaliwa mwandishi mmoja, Sayyida Salme, mwaka 1844, kwenye jumba la Mtoni, Unguja.

Baba yake, Sultani Sayyid Said, alikuwa na mashamba ya karafuu, majahazi na watumwa wengi. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria. Alizaliwa kwa mkulima wa Kicherkesi, mbali huko Kaukazi. Vita vilipofika kwao, wazazi wake waliuawa. Wapanda farasi walimchukua yeye na ndugu zake wawili, wakawatenganisha. Alifika Unguja akiwa na miaka saba au minane, na ndugu zake hakuwaona tena.

Sayyid Said alifariki mwaka 1856. Jilfidan alikufa kwa kipindupindu mwaka 1859. Salme aliondoka Unguja kwa siri mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, wakaishi Hamburg. Mume alifariki mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wadogo wasioijua Unguja. Kwa ajili yao aliandika habari za maisha yake, zikachapishwa mwaka 1886. Ndiyo maana leo tunamjua Jilfidan.

Nawe, kama wanao wamezaliwa kambini, waulize wazee wangali hai: bibi alikuwa nani, alitoka Chula, Chovai au Koyama? Kisha andika.