Earle MacPherson, mhandisi aliye chini ya boneti ya kila mchomoko

Ukifungua boneti ya Probox, IST au Noah pale stendi ya Kahama au Katoro, angalia kulia na kushoto, nyuma ya injini karibu na kioo. Utaona viduara viwili vya chuma vilivyokazwa kwa nati. Hapo ndipo shokapu za mbele zinapoishia juu. Shokapu, springi na mhimili unaozungusha tairi wakati wa kukata kona vimeunganishwa vikawa kitu kimoja. Mtindo huo umepewa jina la mtu: Earle MacPherson, Mmarekani aliyefariki mwaka 1960, mwaka mmoja kabla Tanganyika haijapata uhuru.

Tunamsimulia leo kwa sababu ya raba moja ndogo. Vijana wengi, hasa wa mijini, wanashusha magari yao kwa kufunga springi fupi. Wengine wanapewa ushauri wa kukata ile raba iliyovikwa kwenye fimbo ya shokapu, au kuitoa kabisa. Baadaye gari hilohilo linauzwa, linakuja kubeba abiria Nyarugusu au Kishapu, na mnunuzi hajui kilichofanyika ndani.

MacPherson alizaliwa mwaka 1891 katika jimbo la Illinois. Alimaliza uhandisi Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1915, akaenda Detroit kuajiriwa na kampuni ya magari ya Chalmers. Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Ulaya, akashughulika na injini za ndege za jeshi la Marekani. Aliporudi alipita katika kampuni za Liberty na Hupmobile, ambazo leo hazipo, na mwaka 1934 akaingia General Motors. Mwaka uliofuata alikuwa tayari mhandisi mkuu wa usanifu wa Chevrolet.

Kazi iliyomjengea jina ilianza mwaka 1945, vita ya pili ilipokuwa inamalizika. General Motors ilitaka gari dogo, jepesi, la kuuzwa chini ya dola 1,000, na MacPherson akawekwa kuongoza mradi. Gari hilo liliitwa Cadet. Magari mengi ya Marekani wakati ule yalikuwa na ekseli nzima nyuma juu ya springi za bapa, kama pikapu zetu: tairi moja ikiingia shimoni, ya upande wa pili nayo inayumba. MacPherson alitaka kila tairi kati ya nne ijitegemee.

Shida yake ilikuwa nafasi na bei. Mikono miwili ya chuma kila upande, springi yake, shokapu yake na viungo vyake ni vitu vingi mno kwa gari dogo la bei nafuu. Akaamua kuzipa sehemu chache kazi nyingi. Shokapu akaifanya nene na imara, ikawa nguzo yenyewe inayoshika tairi. Springi akaivika juu ya nguzo hiyo. Juu akaifunga kwenye bodi, chini akabakiza mkono mmoja tu. Hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Guido Fornaca wa Fiat, kule Italia, alikuwa na wazo la namna hiyo miaka ya 1920. Lakini MacPherson ndiye aliyelifikisha mahali ambapo kiwanda kingeweza kulitengeneza kwa wingi.

Mwaka 1947 aliomba hataza ya ubunifu wake. Mwaka huohuo kwetu Mwadui, katika mgodi wa Williamson, ilipatikana almasi ya waridi ambayo Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alizawadiwa kwenye harusi yake. Kwa MacPherson mwaka ule ulikuwa mchungu. General Motors ilifuta Cadet. Gharama na soko havikuwaridhisha wakubwa, na gari halikuuzwa hata moja. Mhandisi wa miaka 56 alikusanya vitu vyake akahamia kwa washindani, Ford.

Ford ya Uingereza ndiyo iliyoitoa kazi yake hadharani. Magari ya Consul na Zephyr yalioneshwa London mwaka 1950 yakiwa na nguzo za MacPherson mbele. Yalifika Afrika Mashariki mapema. Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Elizabeth yuleyule wa almasi ya Mwadui, yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi, matope na makorongo. Mwaka 1955 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Ford Zephyr. Miaka ya 1966 na 1967 Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404, nayo ikiwa na nguzo za aina hiyo mbele. Kwa hiyo anayesema mtindo huu hauwezi rafu hajui historia ya barabara zetu.

Ila unaiweza rafu kwa sharti moja: fimbo iwe na nafasi ya kutembea. Hapa ndipo tunarudi kwenye raba.

Raba hiyo ina pingili kama kipande kifupi cha muwa. Gari likigonga shimo, fimbo inazama ndani ya shokapu. Ikizama sana, raba inakutana na kichwa cha shokapu na kuanza kubanwa, kwanza ncha yake nyembamba, kisha pingili nene. Ni kama springi ya pili, inayozuia chuma kisigonge chuma na tairi lisikwangue bodi.

Sasa tuseme gari lako likiwa limesimama lina milimita 60 kabla raba haijaguswa. Ukifunga springi inayolishusha kwa milimita 40, zinabaki 20. Kila shimo dogo litaifikia raba, gari litadunda kama mkokoteni, na kwenye kona upande uliolalia raba unakakamaa ghafla na tairi linaweza kuteleza. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa springi fupi huelekeza raba ipunguzwe kwa kipimo fulani, ili kurudisha sehemu ya nafasi iliyopotea. Maelekezo hayo huja na springi, kwa kila aina ya gari, na mengine husema raba isikatwe kabisa. Kukata kwa kukisia ni jambo jingine. Ukizidisha, shokapu inafika mwisho wake wa ndani, vali ya chini inapondwa, mafuta yanavuja, na kile kiduara cha juu kinaanza kutuna. Inayofaa zaidi ni shokapu fupi iliyotengenezwa kwenda na springi hizo. Baada ya hapo matairi yapimwe alaimenti, maana yamebadilika mkao.

Kukata springi yenyewe kwa moto wa gesi, hilo hata tusilijadili. Joto linaua ugumu wa chuma.

Na usidhani hili ni la magari ya kifahari tu. Mchomoko uliojazwa abiria tisa na magunia mawili ya mpunga umeshushwa kama uliofungwa springi fupi. Unatembea juu ya raba kutoka stendi mpaka mwisho wa safari, na raba ikichakaa, inayofuata ni shokapu. Ukitaka kujua hali yake, geuza usukani mpaka mwisho, chungulia nyuma ya tairi la mbele na uvute juu ile soksi ya plastiki inayokinga vumbi. Raba inaonekana kwa macho. Ikiwa imepasuka, imekatwa kwa kisu au haipo, muulize aliyekuuzia gari.

MacPherson alipanda Ford hadi kuwa makamu wa rais wa kampuni kwa upande wa uhandisi mwaka 1952, akastaafu mwaka 1958. Miaka miwili baadaye akafariki. Hakuiona Toyota Corolla ya kwanza, iliyotoka mwaka 1966 na nguzo zake mbele.