Judy Garland: binti wa Oz aliyeleweshwa vidonge
Wadau, yule Dorothy wa The Wizard of Oz, muvi ya 1939 yenye nyimbo kibao iliyotokana na kitabu cha watoto cha L. Frank Baum, ni Judy Garland. Alizaliwa Minnesota, Marekani, 1922, akiitwa Frances Gumm. Studio ya MGM ilimsajili 1935 akiwa na miaka 13 tu. Hapo ndo balaa. Eti mnene! Akawa anapewa vidonge vya kuua njaa, usiku vya kumlaza. Mtoto jamani! Hata ule wimbo wa upinde wa mvua mabosi nusura waukate. Ndo ukabeba Oscar. Mimi nikiusikia navifikiria vile vidonge. MGM waliachana naye 1950. Alifariki London, Juni 1969, miaka 47, dawa za usingizi zilimzidi.