Mtunza Daftari wa Besiboli

Mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu wa wahenga wetu ungeweza kuandikwa juu ya kaburi la Henry Chadwick, mtu ambaye Wamarekani wamempa heshima ya kuitwa Baba wa Besiboli, ingawa hakusifika kwa kupiga mpira bali kwa kuhesabu.

Chadwick alizaliwa Exeter, Uingereza, tarehe 5 Oktoba 1824. Mwaka 1837 familia yake ilihamia Brooklyn, na huko akawa mwandishi wa habari za kriketi, mchezo ambao Waingereza waliufikisha hata Zanzibar. Baadaye alivutiwa na besiboli. Aliona kwamba jua likichwa, wachezaji husifiwa kwa mapenzi ya watazamaji, si kwa kazi waliyoifanya. Ndipo akaeneza magazetini jedwali dogo lenye jina la kila mchezaji, na kando yake mikimbio, madako na makosa yake. Mwaka 1860 alihariri kitabu cha kwanza cha mwaka cha mchezo huo.

Hesabu zake hazikuwa kamili. Mpigaji aliyepewa njia ya bure kwa sababu ya mipira mibovu hakupata sifa yoyote, kwani Chadwick aliliona jambo hilo kuwa kosa la mrushaji tu. Wataalamu wa baadaye walithibitisha kuwa subira ya mpigaji huyo huleta ushindi. Kisichohesabiwa hakionekani.

Mtihani wake mkubwa ulikuja uzeeni. Chadwick alishikilia kuwa besiboli ilitokana na mchezo wa watoto wa Kiingereza uitwao rounders. Rafiki yake Albert Spalding, mfanyabiashara wa vifaa vya michezo, alitaka uwe wa Kimarekani mtupu, na mwaka 1905 akachochea kuundwa kwa tume. Tume hiyo ilitegemea zaidi ushahidi wa mzee mmoja, ikaamua kuwa Abner Doubleday aliubuni Cooperstown mwaka 1839. Kumbe mwaka huo Doubleday alikuwa mwanafunzi katika chuo cha kijeshi cha West Point. Chadwick alifariki tarehe 20 Aprili 1908, ngano hiyo ikiwa imeshika nguvu. Wanahistoria wa leo wameitupa.

Ndugu yake wa baba mmoja, Edwin, aliyemzidi miaka 24, alitumia hesabu za vifo katika taarifa yake ya mwaka 1842 kuonyesha jinsi uchafu ulivyowaua maskini wa Uingereza. Sheria ya afya ya umma ikafuata mwaka 1848. Mmoja alihesabu mikimbio, mwingine makaburi. Wote wawili walikataa kuamua kwa kukisia.

Nasi tunawakumbusha watumishi wa umma, wa makao makuu na wa visiwa vya mbali, kwamba tume yaweza kuundwa ili itafute ukweli, au ili ipambe jibu lililokwisha kuchaguliwa. Mwananchi ambaye jina lake halimo daftarini hana namna ya kujua ni ipi aliyopewa.